Likizo, Watoto na Cherehani

(Muziki wa kufungulia. Unashuka polepole.)

Wasikilizaji wetu popote mlipo: Nakivale na Kyangwali, Kiryandongo na Rwamwanja, Kakuma, Dadaab, Nyarugusu. Leo nazungumza nanyi kutoka Mella, wilaya ya Tororo, upande wa Uganda, karibu na mpaka wa Malaba. Wenyeji wa hapa wengi ni Iteso, na ndugu zao wako ng'ambo, kaunti ya Busia nchini Kenya, kwa hiyo harusi na matanga huvuka mpaka bila kuuliza. Wapo kati yenu, hasa nyinyi wa Kiryandongo, mnaoijua njia hii. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, maelfu ya watu walivukia Malaba na Busia, na wengi wakakaa katika kambi ya muda ya Mulanda, humu humu Tororo, kabla ya kupelekwa Kiryandongo. Tunawasalimu.

Kipindi cha leo ni cha mama, dada, shangazi, na mafundi wanaume pia, mnaoshona huku watoto wako nyumbani. Nataka tuongee juu ya likizo.

Fundi yeyote anajua hesabu hii ilivyo mbaya. Uganda mwaka wa shule unaanza Februari. Kenya unaanza Januari. Kwa watoto wanaofuata masomo ya Kongo unaanza Septemba, baada ya mapumziko ya Julai na Agosti. Kila mahali, wiki za mwisho za likizo ndefu ndizo wiki ambazo wazazi wanakumbuka kwamba sketi ya mwaka jana imekuwa fupi na kaptula imetoboka makalioni. Wanakuja wote kwa pamoja, wakiwa na kitambaa mkononi na pesa kidogo ya kutanguliza. Na hizo hizo ndizo wiki ambazo nyumbani kwako kuna watoto watano, sita, wenye njaa tangu asubuhi, wanaopigana, wanaouliza, wanaochukua chaki yako ya kupimia na kuchora ukutani. Hapa Mella ongeza shamba: Julai na Agosti wimbi limeanikwa uani na mtu lazima afukuze kuku. Kambini ongeza foleni ya maji na siku ya mgao.

Fundi akizidiwa katika wiki hizo, mambo mawili huharibika, na yote mawili ni ghali.

La kwanza ni jina lake. Umepokea pesa ya watu ishirini, na umeitumia kununua uzi na unga. Shule inafunguliwa, sare nane hazijaisha. Mama mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare hatakusahau, na kambini habari hutembea haraka kuliko gari la maji. Mwaka ujao kitambaa chake kitapita mbele ya mlango wako kikienda kwa fundi mwingine.

La pili husemwa kwa sauti ndogo, nami nitalisema. Ni binti yako mkubwa. Wewe ukiwa kwenye cherehani, yeye ndiye anabeba mtoto mdogo, anapika, anachota maji, anaamua ugomvi. Likizo yote. Halafu shule inafunguliwa Jumatatu na wewe bado una sare nane za watu, unamwambia, "Leo tu, kaa na mdogo wako." Leo inakuwa Jumatano. Jumatano inakuwa wiki ya pili. Wasichana wengi hawaachi shule kwa siku moja yenye kelele. Wanaanza mwaka wakiwa nyuma, wanachoka kukimbiza wenzao, na mwishowe wanabaki nyumbani bila mtu yeyote kuamua kwamba wabaki. Basi tunapozungumza juu ya kupanga kazi ya kushona wakati wa likizo, tunazungumza pia juu ya huyo binti.

(Muziki mfupi.)

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Ukimsikiliza fundi aliyechoka, atakwambia hana muda. Mimi naona muda anao, ila umekatwakatwa. Dakika kumi hapa, robo saa pale, kisha mtoto analia. Sasa ziko kazi za kushona zinazokubali kukatizwa, na ziko zinazokataa. Kukata kitambaa kunakataa: ukiinua mkasi katikati ya mkato kwa sababu sufuria inamwagika, ukirudi umesahau kama uliacha nafasi ya mshono au hukuacha. Kola inakataa. Kupandisha mikono ya shati kunakataa, na vilevile zipu. Lakini vifungo vinakubali. Pindo la mkono linakubali. Kufumua nguo kuukuu, kuchambua vifungo vya mitumba, kupiga bandi mfuko kabla ya kuupitisha kwenye cherehani, yote haya unaweza kuyaacha katikati, ukamnyonyesha mtoto, ukayarudia bila hasara.

Kosa linalotuchosha ni kufanya kazi zinazokataa katika saa za kelele. Tunakaa kukata saa nne asubuhi, watoto wamekwisha amka wote, halafu tunakasirika. Kata alfajiri. Saa moja ya alfajiri, kabla mtu hajaamka, ni bora kuliko saa tatu za mchana. Kata sare tatu au nne kwa mkupuo, kila moja ikunje peke yake, ifunge kwa ukanda wa kitambaa chake, weka ndani karatasi yenye jina na vipimo. Mchana, wakati nyumba imejaa, fanya mapindo na vifungo. Wakiwa wamelala mchana au wamekwenda mtoni, keti kwenye cherehani. Usiku, kama una taa ya sola, shona kwa mkono nguo za rangi nyepesi. Kitambaa cha buluu nzito au cheusi usikiguse usiku kwa taa hafifu. Utafumua asubuhi, na kufumua kunakula muda kuliko kushona.

Sasa hesabu ya maagizo. Tuseme siku tulivu unamaliza sare mbili. Zimebaki siku kumi na nne za kazi kabla ya tarehe uliyojiwekea. Haraka haraka unasema ishirini na nane, unapokea ishirini na nane. Hapana. Watoto wakiwa nyumbani, hesabu sare moja kwa siku: kumi na nne. Kisha ondoa siku ya mgao, na ondoa siku moja ya jambo usilolijua, kwa maana malaria ya mtoto haikuombi ruhusa. Zimebaki kumi na mbili. Pokea kumi na mbili. Wa kumi na tatu mwambie ukweli, au mpeleke kwa jirani yako fundi, naye atakuletea wa kwake siku yake ikijaa. Na ile tarehe uliyojiwekea iwe wiki nzima kabla ya shule kufunguliwa. Wiki hiyo ya mwisho ni ya wanaorudi kusema kiuno kinabana, na ni ya sare za watoto wako mwenyewe, ambao kwa desturi yetu mafundi ndio huvaa vibaya kuliko wote.

Andika katika daftari. Jina, vipimo, pesa iliyotangulia, pesa iliyobaki, tarehe. Kama kuandika ni taabu, mtoto wa darasa la nne ataandika, na hesabu yake itanyooka. Na kila sare ya mtoto iachie pindo la inchi mbili lililokunjwa ndani. Mama yake atakushukuru muhula wa tatu.

Kuna njia moja inayoleta zaidi ya hizi zote, nayo ni zamu. Tafuta mafundi wengine wawili mnaoaminiana, muwe watatu. Kila siku mmoja anakaa na watoto wa nyumba zote tatu, wawili wanashona. Kwa siku sita za kazi, kila mmoja analea siku mbili, anashona siku nne. Utasema umepoteza siku mbili. Hebu hesabu. Peke yako na watoto, sare moja kwa siku, siku sita: sare sita. Kwa zamu, siku nne tulivu, sare mbili kwa siku: sare nane. Umepata mbili zaidi, na mabinti wakubwa wa nyumba tatu wamepata siku za kuwa watoto. Sharti mkubaliane mapema juu ya chakula, maana hapo ndipo urafiki huvunjika. Rahisi ni kila mtoto kuja na uji wake, au kila nyumba kutoa kipimo kimoja cha unga. Mtoto mgonjwa anabaki kwao. Na anayelea asikubali kuletewa kitambaa cha kukata siku hiyo. Akitaka kushona, ashone kile kinachokubali kukatizwa. Nitakwambia sasa hivi ni nini.

Lakini kwanza usalama, kwa kifupi. Cherehani ya kukanyaga, ukiinuka, toa mkanda kwenye gurudumu, hata kama unakwenda mlangoni tu. Mtoto wa miaka miwili hupenda kanyagio, na mwenzake wa miaka minne hupenda kuweka kidole chini ya sindano. Mkasi uning'inie juu ya kichwa chako. Sindano zihesabu asubuhi, zihesabu jioni, na zikipungua hakuna anayelala mkekani mpaka ipatikane. Redio iliyokufa ina sumaku nyuma ya spika. Ing'oe, ifunge kwenye kitambaa, ipitishe sakafuni kila jioni. Vifungo vidogo weka katika kopo lenye kifuniko, kwa sababu anayetambaa huona kifungo kama peremende.

(Muziki mfupi.)

Haya, ile kazi inayokubali kukatizwa kuliko zote ni mfarishi. Pwani ndivyo tunavyoliita lile tandiko nene la kitanda lililoshonwa kwa tabaka mbili au tatu. Bara wengi husema tu blanketi la viraka. Unalishona kwa vipande vilivyobaki: kona za sare, mikia ya vitenge, mashati ya mitumba yaliyochanika kwapani. Kila kipande ni kazi ya dakika tano. Mtoto akilia baada ya kipande cha tatu, vipande vitatu vimekwisha shonwa, hakuna kilichoharibika.

Mfarishi pia una adabu nyingine: unaishi kwa makombo ya sare. Unapokata sketi kumi na mbili, chini ya meza kinabaki kilima kidogo cha vipande. Wako wanawake waliofanya hivyo hivyo mbali na sisi. Katika jimbo la Alabama, Marekani, kuna mahali panaitwa Gee's Bend, wanakoishi wajukuu wa watumwa waliolima pamba. Walishona mablanketi kwa nguo za shambani zilizochakaa, kwa sababu nyumba zao zilipitisha upepo. Mwaka 1966 wanawake wa sehemu zile walianzisha ushirika wa kushona, Freedom Quilting Bee. Mwaka 1972 kampuni ya maduka ya Sears iliwapa kazi ya kushona foronya za mito kwa kodrai, kile kitambaa kizito chenye mistari iliyoinuka. Foronya zilikwenda kwa Sears. Makombo ya kodrai yalibaki kwa akina mama, na wakayageuza mablanketi ya nyumbani kwao. Baadhi ya mablanketi ya Gee's Bend yametundikwa tangu mwaka 2002 katika makumbusho makubwa ya sanaa, watu wakilipa kuingia kuyatazama. Yalishonwa ili watoto wasihisi baridi.

Hata hivyo, kwa mtu wa kambini mimi ningemwelekeza kwingine, kwa watu walio karibu nasi zaidi kwa damu. Kusini-magharibi mwa India, jimbo la Karnataka, wako watu wanaoitwa Wasiddi. Asili yao ni Afrika. Wengi wa wazee wao walichukuliwa na Wareno kutoka pwani yetu ya mashariki wakapelekwa Goa kama watumwa, na waliotoroka wakajificha katika misitu ya milimani. Ni watu waliokimbia, kama nyinyi, wakaanza upya msituni. Wanawake wao hadi leo hushona blanketi liitwalo kawandi. Halihitaji cherehani. Halihitaji meza, wala fremu, wala rula. Linashonwa likiwa mapajani, mtu ameketi chini.

Sikiliza jinsi linavyoshonwa, maana unaweza kuanza jioni hii.

Tafuta kitambaa kimoja kikubwa cha chini: shuka kuukuu, kitenge kilichopauka, leso mbili zilizounganishwa. Hicho ndicho mgongo wa blanketi. Kikunje pindo kuzunguka pande zote. Sasa anza kwenye kona moja. Chukua kipande, kikunje kingo zake ndani kidogo ili nyuzi zisifumuke, kilaze juu ya kona, upige bandi kupita vyote viwili, kipande na mgongo. Mishono iwe midogo na iliyonyooka, kama mistari ya tuta. Kabla uzi haujaisha, ingiza kipande cha pili chini ya ukingo wa cha kwanza, endelea. Unakwenda ukingoni, pande zote nne, mpaka unarudi ulikoanzia. Kisha mzunguko wa pili ndani ya ule wa kwanza, na wa tatu, ukielekea katikati. Kipande cha mwisho kabisa kinafunga tundu la katikati. Hujapima kitu. Kipande kikiwa kikubwa, kinakaa. Kikiwa chembamba, kinakaa. Kila mstari wa bandi unashikilia tabaka zote kwa pamoja, ndiyo maana linadumu hata likifuliwa kwa sabuni kali.

Ukitaka liwe nene, weka kitu katikati. Wengi wenu mnalo lile blanketi la kijivu la msaada, limechoka, linapitisha mwanga. Usilitupe. Lilaze juu ya kitambaa cha chini, kisha vipande juu yake. Sweta za mitumba zilizotoboka nazo zinafaa, zikikatwa zikalazwa bila kupishana.

Mambo mawili ya fundi. Fua vipande vyote kabla ya kushona, na vya rangi kali vifue peke yake. Maji yakitoka mekundu, rudia, au utapata blanketi lote la waridi. Na usiweke kitambaa kizito cha suruali kando ya kitenge chepesi kilichochakaa. Kizito kitavuta, chepesi kitachanika mshononi, na utarudi kuweka kiraka juu ya kiraka. Vizito viwe na wazito wenzao, kwa mfano ukingoni, ambako mikono huvuta sana.

Kwa anayependa kupima na kujua atamaliza lini, kuna njia ya miraba. Kata vipande vya inchi saba kwa saba, nusu inchi kila upande iwe ya mshono, na kila mraba ukimalizika utabaki inchi sita. Blanketi la mtoto la futi tatu kwa futi nne litachukua miraba arobaini na minane, sita kwenda upande, minane kwenda chini. Unganisha mitatu kwa siku, na sehemu ya juu imekwisha kwa siku kumi na sita. Likizo ya wiki tatu inatosha, na siku zinabaki za kuweka mgongo. Mimi nashauri kawandi wakati watoto wako nyumbani, na miraba wakati cherehani haina kazi ya watu.

Watoto wanaingia wapi? Wa miaka minne na mitano wapange vipande kwa rangi. Watavichanganya tena, wavipange tena, na hiyo ni nusu saa yako. Wa miaka sita na saba watunge uzi kwenye sindano kumi asubuhi, wazichomeke kwenye kipande cha sabuni au sponji, usipoteze macho yako. Kuanzia miaka minane hivi mtoto anaweza kupiga bandi, wavulana kwa wasichana. Ukisikia mvulana akisema ni kazi ya wanawake, mtembeze kwenye baraza za maduka ya Malaba na Busia ahesabu wanaume wanaokula kwa cherehani.

Na yule binti mkubwa. Akishona, ashone kitu chake. Mpe kona moja ya kawandi iwe yake, achague rangi mwenyewe, na usifumue mishono yake ukiona imepinda. Akikusaidia kazi ya wateja, vifungo vya sare kumi na mbili kwa mfano, mpe kitu kinachoonekana: daftari, kalamu, sabuni yake mwenyewe. Mpangie saa ya kusoma kama unavyojipangia alfajiri ya kukata, na saa hiyo mtoto mdogo arudi kwako, wewe ukiwa na kawandi mapajani. Hapo ndipo blanketi linalipa kweli: limekuruhusu kushika kazi na mtoto kwa wakati mmoja, yeye ameshika kitabu.

Kuna msikilizaji tayari anauliza bei. Niwe mkweli. Usitegemee kuuza mfarishi kambini au soko la karibu. Mtu atalisifu, ataligeuza huku na huku, kisha atakwenda kununua blanketi la mitumba kwa pesa kidogo. Saa ulizoweka haziwezi kurudi kwa bei hiyo. Wako wanaouza kwa wageni na mashirika, na kama una njia hiyo, vizuri, lakini usikopeshe unga wa watoto kwa ajili ya mteja ambaye hajaja. Pesa yako ya likizo ni sare. Mfarishi ni wa kitandani kwako. Ni blanketi ambalo hukununua, na usiku wa Juni na Julai pale Kigoma, wasikilizaji wa Nyarugusu, mnajua blanketi moja la ziada lina thamani gani kwa watoto watatu wanaolala pamoja.

Vipande utavipata bure kama una kinywa. Mafundi wengi wa barazani hufagia makombo yao jioni na kuyachoma. Pita na mfuko saa kumi na moja, salimia, omba. Ukirudi mara ya tatu atakuwekea mwenyewe. Na kama wewe ndiye fundi wa barazani unayenisikiliza, usichome. Ning'iniza mfuko msumarini kwa ajili ya mama atakayepita.

Nimalizie na kona za kawandi, maana niliziruka. Wasiddi wakishafunga tundu la katikati, huwa hawajamaliza. Katika kila kona hushona kitu kidogo cha pembe tatu, kitambaa kilichokunjwa tabaka nyingi za rangi, kinaitwa phula, yaani ua. Hakiongezi joto. Kwao, blanketi lisilo na phula ni kama mtu aliyetoka bila nguo. Chukua vipande vyenye rangi kali kuliko vyote, hata viwe vidogo kama kiganja, vikunje mraba kisha pembe tatu, kimoja juu ya kingine, vishonee pembeni kwa uzi maradufu. Kona ni nne. Kama una watoto wanne, kila mmoja ana yake.

Wiki ijayo, siku na saa hii hii, fundi wa mashine atatueleza kwa nini cherehani inakata uzi na inaruka mishono, na unachoweza kurekebisha mwenyewe kabla ya kulipa mtu. Leteni maswali yenu kwa wahamasishaji wa jamii katika kijiji au zoni yenu, nasi tutayasoma hewani. Kutoka Mella, kwa herini.

(Muziki wa kufungia.)